Kabla Hujanukuu Utafiti wa Vietnam

Mwanafunzi wa uzamili akiniletea pendekezo la utafiti lenye marejeo ya Marekani na Uingereza tupu, swali langu la kwanza huwa moja: Vietnam umeangalia? Wengi hushangaa. Lakini hebu tazama. Vietnam ilianza mageuzi yake ya uchumi, Đổi Mới, mwaka 1986, mwaka uleule Tanzania ya Mzee Mwinyi ilipoingia kwenye Mpango wa Kufufua Uchumi. Maswali yao ni ya kwetu: mashirika ya umma yanayouzwa hisa huku serikali ikibaki mbia, mfanyabiashara mdogo asiye na dhamana ya kukopea, barabara zinazojengwa juu ya udongo laini unaofurika maji kila mwaka. Hata korosho ghafi zinazotoka Mtwara na Lindi, nyingi huishia kwenye viwanda vyao, na mashine za kubangulia wanaunda wenyewe.

Na wanaandika sana. Mfuko wao wa taifa wa sayansi, NAFOSTED, ulioanza kazi mwaka 2008, ulifanya makala katika majarida ya kimataifa kuwa kigezo cha kupata fedha. Mwaka 2017 wizara ya elimu ikawataka wanafunzi wa uzamivu nao wachapishe kimataifa, sharti lililolegezwa mwaka 2021. Ukijua hilo utaelewa kwa nini makala ni nyingi hivyo, na kwa nini ubora wake haulingani. Makala ya hojaji iliyojibiwa na wanafunzi wa chuo kimoja, halafu ikatangaza tabia ya walaji wa Vietnam nzima, mimi huiweka kando. Ninazozithamini ni zile zinazotumia takwimu za taifa: uchunguzi wa kampuni wa kila mwaka, ule wa hali ya maisha ya kaya unaofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 2002, na PCI, faharasa ya ushindani wa mikoa, ambayo chemba yao ya biashara, VCCI, imekuwa ikiitoa tangu 2005. PCI huwauliza wenye kampuni binafsi kuhusu utawala wa mkoa wao: vibali, ardhi, rushwa, ukaguzi. Sheria ni moja nchi nzima, watekelezaji ni tofauti, kwa hiyo mtafiti anaweza kupima utekelezaji wenyewe. Natamani sana tungekuwa na kitu kama hicho kwa mikoa yetu na kaunti za Kenya. Kumbuka tu kwamba Julai 2025 mikoa na majiji yao 63 yaliunganishwa yakabaki 34, hivyo jina la mkoa kwenye makala ya zamani laweza kumaanisha eneo dogo kuliko la sasa.

Pa kuanzia ni VJOL, hazina ya majarida ya Vietnam iliyoanzishwa kwa msaada wa INASP, taasisi ileile iliyoianzisha AJOL yetu ya Afrika. Kwa uchumi na biashara kuna Journal of Economics and Development la Chuo Kikuu cha Taifa cha Uchumi, Hanoi, na Journal of Asian Business and Economic Studies la Chuo Kikuu cha Uchumi, Ho Chi Minh City. Yote mawili ni ya Kiingereza na husomwa bila malipo.

Kwenye fedha nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nimeona tasnifu nyingi zikikwama. Soko la hisa la Ho Chi Minh City lilifunguliwa Julai 2000 likiwa na kampuni mbili, REE na SAM. DSE yetu, soko la hisa la Dar es Salaam, ilikuwa imeanza biashara tangu 1998. Leo wao wana mamia ya kampuni na sisi tuna chache mno. Modeli iliyokadiriwa kwa mamia ya kampuni kwa miaka kumi, ukiihamishia DSE jinsi ilivyo, haina data ya kuishi. Lipo na jambo la ukomo wa bei: katika soko hilo, tangu 2013, bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 7 kwa siku, na mwaka 2008 iliwahi kubanwa hadi asilimia 1. Habari kubwa ikitoka leo, bei huchukua siku kadhaa kuimaliza. Mtu anayesoma matokeo ya huko bila kulijua hilo ataona soko linalochelewa kuelewa habari, kumbe kanuni ndiyo inayolizuia. Uliza pia vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa viwango gani. Kenya ilianza kutumia IFRS, viwango vya kimataifa vya uhasibu, mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, lakini kampuni nyingi za Vietnam zimeendelea na viwango vyao vya VAS, vinavyoegemea gharama ya awali zaidi ya thamani ya soko. Uwiano wa deni kwa mali wa kule na wa huku haulingani hivi hivi. Na kwenye data usiache safu ya hisa zinazomilikiwa na serikali. Kwa macho yangu, ndiyo inayoeleza mambo mengi kuliko zote.

Kwa wahandisi, shika TCVN, viwango vya taifa vya Vietnam, kabla ya kushika matokeo. Zege likiandikwa M250, maana yake ni wastani wa kilo 250 kwa sentimita mraba kwenye mchemraba wa sentimita 15 baada ya siku 28. Likiandikwa B20, ni megapaskali 20 za mchemraba kwa uhakika wa asilimia 95, kwa kuwa TCVN 5574 ya 2018 imefuata viwango vya Urusi. Hiyo inakaribia daraja la zege la C16/20 la Ulaya. Ukiichukulia kama C20/25, daraja la juu yake, umeongeza nguvu ambayo haipo. Tafiti za majivu ya pumba za mpunga, ambazo zingefaa sana Mbarali na Mwea, angalia kwanza joto la kuchomea: likizidi, silika hugeuka fuwele na majivu hayashikani tena vizuri na chokaa ya saruji.

Majedwali nayo yasome kwa uangalifu. Kwao 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini, na 3,5 ni tatu na nusu. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosomea Kifaransa mkato huo hautawasumbua, sisi wengine utatusumbua, hasa mwandishi anapochanganya mitindo yote miwili kwenye makala moja.

Majina je? Jina la ukoo hutangulia, na Nguyễn wako kila mahali, hivyo "Nguyen na wenzake, 2019" inaweza kuwa makala mia. Tafuta kwa DOI, namba ya utambulisho ya makala, na uandike majina kamili kwenye kumbukumbu zako. Ukitaka kumwandikia mtafiti kuomba data, mwite kwa jina lake la mwisho, ambalo ndilo lake mwenyewe: mwanahisabati Ngô Bảo Châu ni Profesa Châu. Eleza kwa kifupi unachopima na jedwali unalouliza. Mimi nimejibiwa kwa ukarimu mkubwa. Ila usitume barua wakati wa Tết, mwaka mpya wao unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, maana ofisi zinakuwa zimefungwa na watu wako makwao.