Maswali ya Wasomaji: Nimeingiwa na mashaka, je, niache kuomba?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka miaka mingi na ninaongoza kikundi cha maombi. Siku hizi nikipiga magoti najiuliza kama kuna anayesikia. Yakobo 1:6-7 inasema mwenye shaka asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Niache kuomba mpaka imani irudi? Na huduma je?

JIBU: Amina. Usiache. Mstari huo huwatisha watu kwa sababu husomwa peke yake. Anzia wa 5: Mungu huwapa wote kwa ukarimu, “wala hakemei”. Kisha “mtu wa nia mbili” wa mstari wa 8 anarudi katika 4:8, baada ya Yakobo kukemea urafiki na dunia. Anayesemwa hapo ni anayetaka kumshika Mungu bila kuiachia dunia. Anayeumia kwa kutosikia jibu hayumo kwenye fungu hilo. Baba mmoja katika Marko 9:24, aliyemletea Yesu mwanawe, alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akapona.

Sasa ujue shaka yako ni ya namna gani. Iandike kwa sentensi moja. “Nina mashaka” haitoshi. Ikiwa inagusa fundisho, mathalani ufufuo, soma 1 Wakorintho 15 yote, kisha upeleke swali hilo moja kwa mchungaji au padri anayependa kusoma. Usimpelekee kumi kwa pamoja, hakuna litakalojibiwa vizuri. Ikiwa ilianza ulipoanza jambo la siri, unachohitaji ni toba, na vitabu vya hoja havitakusaidia. Ikiwa kila kitu kimepoteza ladha, hata chakula na kazi, na usingizi umevurugika kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari. Nabii Eliya alipoomba afe, alilala usingizi na kulishwa mara mbili kabla ya Mungu kusema naye kwenye mlima Horebu (1 Wafalme 19).

Ikiwa sentensi yako ina msiba au ombi ambalo halikujibiwa, hicho ni kidonda, na hoja hazikitibu. Tumia Zaburi 13, yenye mistari 6 tu. Mistari 1-2 ni malalamiko, na “hata lini” imo mara 4. Mistari 3-4 ni ombi. Mistari 5-6 ni tumaini. Andika yako kwa mpangilio huo na uisome kwa sauti kila siku. Kosa la kawaida ni kurukia mstari wa 5 (makanisani tunapenda sana kuwaharakisha watu wafike huko). Usipoufikia leo, ishia kwenye ombi. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani, nayo imo kwenye Biblia.

Kuhusu huduma, mweleze kiongozi mmoja unayemwamini, uombe mwingine aongoze kikundi kwa muda mtakaoupanga. Lakini ubaki mshiriki, na usiache ibada wala Meza ya Bwana. Mwanafunzi Tomaso alikataa kuamini kwamba Yesu amefufuka, lakini siku nane baadaye alikuwa chumbani pamoja na wenzake, na hapo ndipo Yesu alipomkuta (Yohana 20:26).

SWALI: Mwanangu wa miaka 17 anasema haamini tena. Nimlazimishe kwenda kanisani?

JIBU: Mama, kwanza muulize haamini nini hasa, umsikilize mpaka amalize bila kumkatiza kwa aya. Mara nyingi anachokikataa ni tabia ya mtu fulani kanisani, na hapo huenda akawa na haki. Taratibu za nyumbani kama sala ya jioni ziendelee naye akiwepo, ila asishurutishwe kuomba kwa sauti wala kushuhudia. Akizoea kuigiza, hutajua tena anachoamini. Wala usimtangaze kwenye kikundi cha maombi bila ruhusa yake. Yuda 22 inaagiza wenye shaka wahurumiwe.