Maswali ya Wasomaji: Barafu ya Chini na Upepo wa Ubavuni

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Januari nilikuwa Rovaniemi, kaskazini mwa Finland, nikirejea nyumbani baada ya kumtembelea binti yangu anayesoma huko. Tulikuwa tumekwisha kuketi ndani ya ndege, rubani akatangaza kwamba upepo unavuma kutoka ubavuni na njia ya kurukia ina barafu, hivyo tungesubiri. Binti yangu anasema ndege huruka pale katika upepo mkali kuliko ule. Barafu iliyo chini inahusiana vipi na upepo? — Mzazi, Tanga.

JIBU: Ndugu Mzazi, hatari unayoiulizia haiko angani, bali katika ile nusu dakika ambayo ndege inakimbia huku uzito wake ukiwa bado juu ya magurudumu. Upepo wa ubavuni huushika mkia wa wima kama tanga lililotwekwa nyuma ya chombo, na pua ya ndege ikataka kugeukia kule upepo unakotoka. Rubani huizuia kwa usukani ulio mkiani, lakini usukani huo, kama ule wa jahazi, hauna nguvu mpaka chombo kishike mwendo. Kabla ya hapo, kinachoiweka ndege katika mstari ni magurudumu ya mbele yanayoing'ang'ania lami. Juu ya barafu, magurudumu hayo yanaweza kupindishwa yakaserereka tu, ndege isigeuke.

Ndiyo maana ndege ya abiria inayoruhusiwa kuruka katika upepo wa ubavuni wa kilomita 60 hivi kwa saa njia ikiwa kavu, huweza kukatazwa upepo huo ukizidi kilomita 30 hivi njia ikiwa na barafu.

Kinachonitia hofu zaidi ni pale rubani anapolazimika kuikatiza safari katikati ya mbio. Mshiko wa tairi ni akiba moja: ukiutumia kufunga breki, kinachobaki cha kuizuia ndege isiende upande ni kidogo, na juu ya barafu akiba yenyewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Akigeuza msukumo wa injini ili apunguze mwendo, na pua imekwisha kupinda kuelekea upepo, msukumo huo nao huivuta ndege kuelekea ukingo wa pili wa njia, kule upepo unakoelekea.

Upepo unaweza kuchangia ajali hata pasipo barafu. Tarehe 20 Desemba 2008, mjini Denver, Marekani, Boeing 737 ya shirika la ndege la Continental yenye watu 115 iliacha njia upande wa kushoto, kule upepo ulikotoka, ikashika moto. Wote walinusurika, ingawa wengi walijeruhiwa. Rubani alikuwa ameambiwa upepo ni wa kilomita 50 kwa saa, lakini wachunguzi waligundua kwamba dharuba iliyompiga ilifika kilomita 83 hivi, na kwamba aliuachia usukani wa mkiani ulipokuwa bado unahitajika. Barafu haikutajwa kuwa chanzo. Sasa piga picha dharuba ile juu ya njia inayoteleza.

Uwanja wa ndege wa Helsinki-Vantaa, unaohudumia mji mkuu wa Finland, una njia tatu, moja ikielekea upande tofauti na nyingine mbili, hivyo rubani huweza kupewa ile inayokabiliana na upepo. Rovaniemi ina njia moja tu. Rubani wenu hakuwa na pa kuhamia. Alibaki kusubiri upepo upungue, au magari ya uwanja yamalize kuisafisha njia.