Nyumba ya mirathi Mkomani, Lamu: niinunue, na niitengeneze vipi?

SWALI: Assalamu alaikum mhandisi. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, hapo Lamu, kazi yangu iko Nairobi. Nimepata nyumba ya mawe Mkomani, ghorofa mbili. Mwenyewe alifariki, na mwanawe mkubwa ananiuzia kwa shilingi milioni 12. Asema nduguze wameridhia. Mama yao bado anaishi chini. Nataka iwe nyumba ya wageni. Fundi niliyetoka naye Nairobi anashauri tupige lipu ya simiti ndani na nje, tuvunje ukuta mmoja tupate chumba kipana, halafu tuongeze ghorofa ya tatu ya zege yenye kidimbwi cha kuogelea. Rafiki yangu Mjerumani yuko tayari kutoa nusu ya pesa. Faida naitaka, lakini sitaki iwe ni mimi niliyeuharibu mji wa wazee wangu. Nifanye nini?

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Swali lako limenigusa, maana wengi huniita mambo yakiwa yameshaharibika.

Nianze na huyo kijana, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kabla punda hajabeba hata mfuko mmoja wa chokaa. Tuseme marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na madeni yake yamelipwa. Mke ana thumuni. Kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Hesabu inatoka sawasawa: mama 1/8, kila binti 1/8, kila kijana 2/8. Kwa milioni 12, mama na kila binti wana milioni 1.5, na kila kijana milioni 3. Kwa hiyo anayekuuzia nyumba nzima ana robo yake tu. Neno lake kwamba nduguze wameridhia halitoshi. Mirathi ipite kwanza kwa Kadhi, hati itafutwe kwa msajili wa ardhi, na kila mrithi atie saini yake mwenyewe, hata yule aliyeolewa Mombasa au anayeishi Oman. Uliza pia Tume ya Wakf kama nyumba au kiwanja chake si wakfu, kwa kuwa wakfu hauuzwi.

Na hata ukitaka kununua fungu la mmoja wao, wale wengine wana shufaa, yaani haki ya kulinunua kabla ya mtu wa nje. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu, haki hiyo ni ya mshirika katika mali, si ya jirani. Waulizwe wao mwanzo.

Sasa huyo mama. Wewe ni wa Lamu, unajua binti akiolewa alikuwa akipewa nyumba, au baba akimjengea orofa juu ya yake. Na ile wikio, chumba cha daraja kinachovuka uchochoro, mara nyingi iliunganisha nyumba za jamaa moja. Nyumba ya Mkomani ni sitara ya wanawake wa ukoo. Ukimtoa mama yule, mtaa mzima utakuhesabia, na mgeni wako ataiona hesabu hiyo kwenye nyuso za watu kila akipita madakani, kwenye vibaraza vya milangoni. Ningekuwa wewe nisingenunua. Ningekodi ghorofa ya juu kwa miaka 15 au 20, gharama ya matengenezo ikatwe kwenye kodi, mama abaki chini, na muda ukiisha nyumba irudi kwa warithi ikiwa nzima. Pesa ya kununulia inabaki mkononi mwako, na kule kwenye matengenezo ndiko inakohitajika. Mkataba wa zaidi ya miaka 2 lazima uandikishwe kwa msajili. Usikubali karatasi ya kutiliana saini barazani peke yake.

Tuje kwenye simiti. Hapa nitakaa kidogo.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Mkomani, dari ilikuwa ikimwaga vumbi kitandani. Kuta zilikuwa zimepigwa simiti na kupakwa rangi, nyeupe pe. Nilichukua msumari nikaugusisha kwenye ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani. Uliingia wote kwa kidole gumba, kama unachoma mkate uliolowa chai. Nikajaribu katikati ya boriti ileile: msumari uligonga ukarudi. Boriti ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa zile ncha mbili zinazobeba kila kitu.

Sababu yake ni hii. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Jiwe hilo lina matundu, lina chumvi, na linanyonya maji kutoka chini na kutoka hewani. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke, ukuta ukapumua. Simiti huyafungia. Maji yakikosa njia hupanda, yakifika kwenye ncha za boriti yanakaa hapo, uozo unaanza na mchwa wanafuata. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu, ikaibandua vipande vipande. Chokaa iliyorowekwa vizuri na kupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikingojewa ikauke, inachukua muda mrefu na fundi wake si rahisi kumpata. Lakini ikichakaa unabandua palipoharibika unapaka tena. Simiti ukija kuibandua inaondoka na uso wa jiwe.

Ukuta usivunje. Boriti za mikoko ndizo zinazoamua upana wa chumba: hazivuki mita 3 kwa usalama, ndiyo maana misana yetu, vyumba vya ndani, ni mirefu na myembamba. Ukuta anaoutaka fundi wako huenda umebeba boriti za pande zote mbili. Mbao za kubadilisha zikihitajika, nunua boriti za wenye kibali cha Huduma ya Misitu, na ile nzima ya zamani irudishwe kazini. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na samaki na kaa tunaokula wanakulia humo.

Kidimbwi cha darini kisijadiliwe. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Kidimbwi cha mita 3 kwa 5, kina cha mita 1.2, ni tani 18 kabla hujahesabu zege yake, juu ya miti ya mikoko. Na maji yenyewe ni matamu ya mji, yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako visima vikivutwa kupita kiasi maji ya chumvi huingia. Jenga birika kama la zamani, hodhi la kuwekea maji, livune mvua ya sakafu ya juu, na utie samaki wadogo wale mabuu ya mbu. Mgeni atalipenda.

Ghorofa ya tatu pia hapana. Itachungulia viwanda vya majirani, yaani nyua za ndani, ambako wanawake wanapika na kupumzika bila buibui. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, kwa hiyo kazi yoyote ya kubadilisha jengo inahitaji kibali cha kaunti pamoja na kauli ya Makumbusho ya Taifa. Chora ramani mapema, uwapelekee kabla hujaita mafundi.

Vyumba vya wageni unavyo tayari. Wazee walikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na ndani ya nyumba, wakiwaweka wafanyabiashara waliokuja na kaskazi wakingojea kusi iwarudishe. Fuata mpango huo: mgeni apokewe dakani, apande ngazi yake, asipite kwa mama. Vyumba vitatu vyenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizotengenezwa vizuri vinapangishika kuliko sita vya kuta za simiti ambavyo anavipata popote. Masharti ya pombe na mavazi yaandikwe tangu siku ya kuweka nafasi.

Kuhusu rafiki yako: kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia ikiwa hisa zote ni za raia. Mpango wa kukodi unamfaa na yeye. Usimfiche nyuma ya jina lako.

Usitoe amana bado. Njoo baada ya masika, mwezi wa saba, wakati ukuta unaonyesha unyevu wake. Ingia na fundi wa chokaa wa hapa hapa, mwombe mama ruhusa, na kagueni ncha za boriti moja moja, mkianzia upande wa choo.