Dondoo limeua seli za U87, temozolomaidi haikuua: kosa liko wapi?

SWALI: Dokta, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Nimepima dondoo la magome ya mti unaotumika kwenye tiba asili, kwa seli za U87 za saratani ya ubongo, kwa kipimo cha saa 72 cha MTT (rangi ambayo seli hai huigeuza fuwele za zambarau). Dondoo la mikrogramu 100 kwa mililita liliacha asilimia 20 tu ya seli. Temozolomaidi, dawa ya saratani ya ubongo niliyoweka kama kilinganisho, iliacha asilimia 85, hata kwa mikromola 100. Je, naweza kuandika kuwa dondoo lina nguvu kuliko dawa ya hospitali? Na baada ya hapo nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Hapana, usiandike hivyo. Kwa sasa unachoweza kuandika ni kwamba dondoo lilipunguza ishara ya MTT kwa kiwango hicho, ndani ya muda huo. Kuhusu temozolomaidi, kipimo chako hakikuipa nafasi ya kufanya kazi.

Dawa hii haiui seli papo hapo. Ikikuta pH ya karibu 7.4 huvunjika yenyewe, bila kimeng'enya chochote, na hatimaye huachia kikundi cha methaili kinachojibandika kwenye DNA. Kinachoua zaidi ni kile kinachokaa kwenye nafasi ya O6 ya guanini. Hata hapo seli bado nzima. Inapojigawa, guanini hiyo huoanishwa na thaimini badala ya sitosini. Mfumo wa kurekebisha makosa unaiondoa thaimini, unakuta guanini mbovu bado ipo, unaweka thaimini tena, unaiondoa tena. Seli inapoingia mzunguko wa pili wa kunakili DNA, nyuzi hukatika, na kifo hufuata siku kadhaa baadaye. U87 hujigawa kila baada ya saa 35 hivi. Piga hesabu: saa 72 zako ziliisha dawa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kazi.

Jambo la pili ni stoki, yaani myeyusho mzito wa dawa unaouchanganya na kuupunguza baadaye. Kwenye media (maji yenye lishe ya kukuzia seli) ya nyuzi 37, nusu ya temozolomaidi huisha ndani ya saa 2 hivi, maana yake baada ya saa 8 imebaki kama asilimia 6. Ukiichanganya kwenye PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti) au media asubuhi na kuiweka kwenye seli mchana, umeweka mabaki. Iyeyushe kwenye kiyeyushi cha DMSO kisicho na maji, kwa milimola 100, yaani miligramu 19.4 kwa mililita. Igawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, ihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na uichanganye na media dakika chache tu kabla ya kuiweka. Umeme ukikatika usiku na friza ikayeyuka, stoki hiyo itupe. DMSO hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha.

Sasa rudia hivi. Kwenye sahani ya vishimo 96 panda seli 500 hadi 1,000 kwa kishimo, usipande 5,000, maana kwa siku 6 zitajaa na kuacha kukua zenyewe. Tumia vishimo 60 vya ndani tu. Vya pembeni vijaze PBS mikrolita 200, kwa sababu media yake hukauka haraka na chumvi ikipanda seli hufa bila dawa. DMSO iwe kiasi kilekile kila kishimo, pamoja na vile visivyo na dawa, isizidi asilimia 0.2. Anza na mikromola 5 na upande hadi 200. Kumbuka kilele kwenye damu ya mgonjwa ni mikromola 40 hadi 70 hivi, na kwenye maji ya uti wa mgongo ni kama asilimia 20 ya hapo, kwa hiyo matokeo ya mikromola 500 hayana maana kwa mgonjwa hata yakipendeza kwenye grafu. Soma siku ya 6.

Pamoja na U87 pima seli za T98G, nazo pia za saratani ya ubongo. Hizi zina MGMT, protini inayobandua ile methaili kutoka kwenye guanini, hivyo huistahimili dawa. U87 haizalishi MGMT kwa sababu swichi ya jini lake imefungwa. Ikiwa siku ya 6 U87 imeshuka na T98G imesimama, kipimo chako kinafanya kazi. Zikisimama zote mbili, stoki imekufa. Zikishuka zote mbili hata kwa dozi ndogo ya dawa, shuku DMSO au seli zenyewe: fanya PCR ya maikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli) na uhakiki wa STR (alama za DNA zinazotambulisha seli). Kwa U87 uhakiki huo una sababu ya ziada. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa U87 inayosambazwa na benki kubwa ya seli ya Marekani haina DNA ya uvimbe wa awali uliochukuliwa Uppsala, Sweden. Ni seli za saratani ya ubongo, ila si za mgonjwa yule. Iandike kwa jina lake kamili na chanzo ulikoipata.

Tukija kwenye dondoo, hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Magome mengi yana tanini na saponini. Tanini hugandisha protini za seramu na kubandua seli kwenye sakafu ya kishimo, na U87 hata bila hivyo hushika kwa ulegevu. Ukinyonya media ili uweke DMSO ya kuyeyusha fuwele za zambarau, seli zilizobanduka zinaondoka nayo, zikiwa hai au zimekufa, na mashine inasoma kifo. Zungusha sahani kwenye sentrifyuji kwa g 300, dakika 5, kabla ya kunyonya. Saponini nazo hutoboa utando wa seli yoyote ile. Tazama kwa hadubini saa 1 tu baada ya kuweka dondoo: ukiona seli zimevimba na kupasuka, hiyo ni sabuni inafanya kazi, wala si dawa ya saratani. Thibitisha kwa chembe nyekundu za damu: nazo zitapasuka.

Weka pia vishimo vyenye dondoo, media na MTT bila seli. Polifenoli, tanini zikiwemo, huweza kuibadilisha MTT kuwa zambarau zenyewe, na hapo hesabu yako huenda upande wa pili. Mimi ningeacha MTT kabisa kwa madondoo na kutumia SRB, inayopaka rangi protini ya seli zilizogandishwa kwa asidi ya TCA. Ni rahisi kwa gharama, na sahani ikishagandishwa, kuoshwa na kukauka inaweza kusubiri siku kadhaa bila kuharibika, faida kubwa mahali ambapo umeme hauna uhakika. Dondoo ghafi ambalo halishushi nusu ya seli chini ya mikrogramu 30 kwa mililita kwa kawaida haliendelezwi. Na vishimo sita vya sahani moja ni jaribio moja. Unahitaji majaribio matatu ya siku tofauti.

Likivuka yote hayo, bado lipo swali la kizuizi kati ya damu na ubongo. Molekuli zaidi ya daltoni 500, au zenye sukari nyingi zilizoning'inia, mara nyingi hazipiti, na zinazopita zinaweza kurudishwa na pampu za P-gp na BCRP. Ndiyo maana mkemia aingie mapema, atenganishe kiambato na kukupa uzito na umbo lake kabla hujatumia mwaka mzima kwenye kitu ambacho hakiwezi kufika kwenye ubongo.

Hapa ndipo kazi hii inapomshinda mtu mmoja. Mgonjwa wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) hatibiwi kwa temozolomaidi peke yake: hufanyiwa upasuaji, kisha hupata grei 60 za mionzi kwa vipindi 30 pamoja na dawa. Hata hivyo, kwenye jaribio la mwaka 2005 lililoweka utaratibu huo, nusu ya wagonjwa hawakuvuka miezi 14.6. Kiambato chako kipimwe pamoja na mionzi, na hapo unamhitaji mwanafizikia tiba. Kwa mashine ya mionzi ya megavolti 6, dozi hufika kilele sentimita 1.5 ndani ya mwili au maji. Ukiweka sahani mezani na kupiga kutoka juu, seli zilizo chini ya milimita 3 za media zinapata dozi pungufu kuliko uliyoandika. Pigeni kutoka chini, kupitia sentimita 1.5 za plastiki inayolingana na maji, kwa grei 2, 4, 6 na 8, kisha hesabu makoloni (vikundi vilivyotokana na seli moja moja) yenye seli 50 au zaidi baada ya siku 10 hadi 14. Tumia T98G au LN229, maana makoloni ya U87 hayashikani vizuri.

Seli za wagonjwa ndizo bora kuliko zote, na mpangilio wa mji unasaidia: MUHAS (chuo kikuu cha afya) na MOI (taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo) ziko eneo moja la Muhimbili, na Ocean Road (taasisi ya saratani) si mbali. Kipande cha uvimbe kitoke chumba cha upasuaji kwenye media baridi juu ya barafu na kifike maabara ndani ya saa moja. Mtaalamu wa patholojia achukue sehemu yake kwanza, kwa sababu utambuzi wa ugonjwa wa mgonjwa unatangulia utafiti. Inayobaki igawe: ya kugandisha kwenye naitrojeni ya maji, na ya kukuza kwenye media isiyo na seramu yenye vichochezi vya ukuaji EGF na FGF2, nanogramu 20 kwa mililita kila moja. Seramu hubadilisha tabia ya seli hizi ndani ya muda mfupi.

Kibali cha maadili cha chuo, na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) pale kinapohitajika, kiwe mkononi kabla ya sampuli ya kwanza. Sampuli zikitoka nchini unahitaji na mkataba wa kuhamisha sampuli. Ridhaa ya mgonjwa ichukuliwe kwa Kiswahili, siku moja au mbili kabla ya upasuaji, ndugu akiwepo. Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo huathiri uamuzi na usemi, hivyo daktari wa upasuaji athibitishe kwanza kwamba mgonjwa anaelewa anachotia saini.