Mashine ikitawala, sheha aende wapi?

SUALI: Asalaam aleikum mhariri. Mie msomaji wenu wa Wete, Pemba, mchana nasomesha skuli, usiku naandika. Nna riwaya nnayoiandika mwaka wa pili huu, inahusu visiwa vyetu vya Zanzibar miaka 60 ijayo, hakuna tena mawaziri wala masheha (viongozi wa mitaa), kila kitu kinaamuliwa na akili mnemba moja nimeipa jina Mwangaza, nani apewe eka, nani atibiwe, nani aoe nani. Sasa nimefika sura ya 7 nimekwama. Mwangaza wangu kawa muuaji tu, anarusha droni watu wanakimbia ovyo, rafiki yangu kasoma kanambia hii mbona filamu za Kizungu umebadilisha majina tu, na imeniuma mana kasema kweli. Nifanyeje iwe ya kwetu? Na la pili, huku umeme ukikatika huyo Mwangaza atatawala vipi, si wasomaji watanicheka?

JAWABU: Wa aleikum salaam mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimefurahi sana kuona mtu yuko Wete anaandika haya.

Droni zitoe zote. Mwangaza anayeua hatishi mana msomaji keshamjua toka ukurasa wa mwanzo kuwa ni adui, basi anasubiri tu nani atamshinda. Anayetisha ni yule anayesaidia watu kweli, tisa katika kumi wanamshukuru, halafu yule mmoja anakosewa na hana wa kumwambia.

Ngoja nikupe mfano uliotokea kweli. Australia kuanzia 2016 serikali iliachia kompyuta itafute watu waliopokea msaada wa serikali kuliko haki yao. Kompyuta ikachukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, halafu ikalinganisha na yale mtu aliyoyaripoti. Sasa mtu kafanya kazi miezi sita, miezi sita mengine hana kitu na kachukua msaada kihalali, kwa hesabu ile anaonekana alikuwa na mshahara mwaka mzima na kadanganya, basi anapelekewa barua ya deni, na yeye ndo atafute karatasi za mshahara za miaka iliyopita athibitishe kuwa hadaiwi. Malaki ya madeni yalitolewa namna hiyo. Ilipofika 2020 ndo serikali ikakubali kurejesha fedha, na 2023 tume ya uchunguzi ikatoa ripoti nzito. Hapana droni hata moja hapo mwalimu, ni kugawa tu, hesabu ya darasa la nne, na watu waliumia vibaya.

Ilete hiyo Pemba uone. Mchumaji wa karafuu analipwa kwa kipimo cha pishi, msimu ukija anapata, ukipita hana. Mwangaza atachukua pesa za msimu atazigawa miezi 12, atasema bibi huyu ana kipato cha kila mwezi, msaada hapewi, na dawa alipe mwenyewe. Bibi yupo uwani, jamvi la kuanikia limekunjwa toka msimu uishe, kibindoni hana hata nauli ya kwenda Chake, na ile skrini inamwambia kwa sauti nzuri ya kike kuwa yeye anajiweza. Hiyo ndo sura yako ya 7, na haiwezi kuwa filamu ya mtu mwengine mana hapana Mzungu anayejua pishi ya karafuu.

Sasa hapo ndo unamleta sheha, au tuseme pengo lake. Sote tumekwenda kwa sheha kutaka barua, ya kitambulisho, ya skuli, ya mirathi, na tumelalamika, mara hayupo, mara kenda mazikoni, mara anakuzungusha kwa kuwa ana lake na wewe. Ni kweli na usimpambe. Lakini yule bibi angekwenda kwa sheha akakaa barazani, akasema mwanangu we unanijua, mume wangu kafa mwaka jana na hata maiti umeisindikiza, mie nna kipato gani? Na sheha hata akiwa mgumu vipi anajua hilo ni kweli. Kwa Mwangaza haendi mtu barazani. Mie naona riwaya yako yote iko hapo, kwamba nchi imepata mtawala asiyekula rushwa, asiyelala, hana ukoo wala chama, na watu wamekosa mtu wa kumuomba. Uandike na faida zake pia, waoneshe watu walivyofurahi mwanzo kupata barua kwa dakika moja, mana wangefurahi kweli, mie mwenyewe ningefurahi.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, jengine. Uingereza 2020 mitihani ilifutwa kwa korona, wakatumia fomula kukadiria alama za wanafunzi wa kidato cha mwisho, na moja ya vitu fomula ilivyoangalia ni matokeo ya skuli yao ya miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa chini ya zile walizopendekeza walimu, watoto wakaandamana, na siku nne baada ya matokeo serikali ikarudi nyuma. Fikiria mtoto hodari wa skuli yako inayofelisha. Huyo mtoto mtie kwenye riwaya, ikiwezekana awe mjukuu wa yule bibi.

Suali la umeme hawatakucheka, ni zuri kuliko la kwanza. Unguja umeme unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, na Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tulikaa miezi mitatu bila umeme wa kebo (nyie Pemba wakati ule mlikuwa bado kwenye majenereta, kebo yenu ya kutoka Tanga ilikuja 2010 hiyohiyo). Pampu zilisimama, tukarudi visimani na ndoo, waliokuwa na jenereta wakawasaidia jirani, usiku kandili barazani. Tulitaabika sana ila tuliweza, kwa sababu visima vilikuwepo na wazee wakivijua vilipo. Sasa kwenye riwaya yako kata hiyo kebo, ila baada ya miaka 60 ya Mwangaza, visima vishafukiwa, hapana anayejua mpaka wa shamba la nani uko wapi, wala mtu aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa ndugu. E. M. Forster wa Uingereza aliandika hadithi ya mashine inayolea watu wote mpaka inasimama, na aliiandika 1909, kwa hivo wazo si jipya, visima ndo vyako.

SUALI: Mie wa Jang'ombe. Hivi riwaya za nchi za kubuni si mambo ya Wazungu tu?

JAWABU: Hapana ndugu yangu. Shaaban Robert alitoa Kusadikika 1951, nchi iliyo angani, mtu anashitakiwa kwa kutaka watu wasomeshwe sheria. Kaitafute.

SUALI: Nami naandika kama huyo, naweza kuiachia akili mnemba iniandikie sura zinazonishinda? Msomaji, Mkoani.

JAWABU: Iulize kebo inapitaje baharini, itakwambia, na ukahakikishe. Lakini yule bibi uwani muandike wewe, kwa mkono wako, hata ukichukua mwezi mzima kwa ukurasa mmoja. Na mwalimu wa Wete, sura ya 7 ukimaliza nitumie, naisubiri.