Kabla ya kulipia kipimo cha VO2max, soma hapa kwanza

Mkuu, umeuliza kama ulipie kipimo cha maabara kabla ya Kilimanjaro Marathon, kwa kuwa kila ukifika kilomita ya 30 miguu inagoma. Nilipimwa nilipokuwa nasoma Köln, Ujerumani, na mpaka leo mazoezi yangu yanafuata majibu yale, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

VO2max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, ndiyo namba inayotangazwa sana na ndiyo itakayokusaidia kidogo kuliko zote. Wanariadha 16 wa kiwango cha dunia waliopimwa kwa ajili ya Breaking2, mradi wa Nike wa kujaribu kukimbia marathon chini ya saa mbili, ule uliomfikisha Eliud Kipchoge kwenye 2:00:25 pale Monza mwaka 2017, walikuwa na wastani wa mililita 71 hivi kwa kilo kwa dakika. Wapo watu wa klabu za mtaani wenye namba hiyo na hawawasogelei. Tofauti iko kwenye oksijeni inayotumika kwa kila kilomita, na kasi unayoweza kuihimili kabla lakteti (kitu ambacho misuli hukitoa inapochoma wanga kwa kasi) haijaanza kurundikana kwenye damu.

Hiyo lakteti ndiyo ya kulipia. Unakimbia kwenye tredimili, kasi inaongezwa kila baada ya dakika chache, unasimama kidogo unatobolewa ndewe ya sikio. Aliyenipima alifuta jasho, akalifuta na tone la kwanza la damu, akapima la pili. Jasho lenyewe lina lakteti. Likichanganyika na damu, majibu yanaharibika. Ukiona mtu anaruka hatua hiyo, usiyategemee majibu yake.

Ni huko huko Köln ambako Alois Mader na wenzake walipendekeza, mwaka 1976, kizingiti cha milimoli 4 kwa lita, yaani kiasi cha lakteti kwenye damu kinachochukuliwa kuwa ndipo inapoanza kurundikana. Bado kinatumika sana, lakini ni wastani tu. Mchoro wangu wa lakteti kwa kila kasi ulianza kupaa kwenye 3, kwa hiyo kasi ya 4 kwangu ni kali mno kwa mazoezi ya kila wiki. Dai upewe mchoro wote, pamoja na mapigo ya moyo ya kila hatua. Na kama utapimiwa Nairobi au Arusha wakati wewe unafanya mazoezi Dar, kasi zile usizichukue kama zilivyo: mwinuko unazipunguza, na joto la pwani nalo linapandisha mapigo.

Sasa hiyo kilomita ya 30. Ukivaa barakoa ya kupima hewa, wanaona unachoma wanga kiasi gani na mafuta kiasi gani. Mtu wa kilo 70 anayekwenda dakika 5 kwa kilomita anaweza kuchoma gramu 150 hivi za wanga kwa saa. Misuli na ini vinahifadhi kama gramu 500. Piga hesabu ya saa tatu na nusu utaona akiba inaishia wapi, na Kilimanjaro inakuwekea kile kipando cha Mweka kwenye nusu ya pili! Hapo tatizo ni chakula, mazoezi unayalaumu bure.

Utumbo unapitisha gramu 60 hivi za glukosi kwa saa. Ukichanganya na fruktosi unaweza kufika 90. Sukari ya mezani ni nusu kwa nusu ya hizo mbili. Vijiko 15 vya chai, vya kusawazisha, kwenye mililita 750 za maji na chumvi kidogo vinakupa gramu 60 bila kununua jeli za wakimbiaji hata moja. Lizoeshe tumbo kwenye mbio ndefu za wikendi, wiki nyingi kabla, ukianza na nusu ya kiasi hicho.

Kama hela haitoshi, jipime mwenyewe. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja, jikaushe, pima tena, kila kilo iliyopungua ni lita moja hivi ya jasho, kisha juu yake ongeza lita ulizokunywa njiani. Rudia siku ya joto na siku ya baridi. Kizingiti nacho kikadirie kwa kukimbia dakika 30 peke yako kwa kasi kali uwezayo kuihimili mpaka mwisho. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho unakaribia sana kile cha maabara. Mbio zako za kawaida za wiki zikae chini kabisa ya hapo, kasi ambayo bado unaweza kupiga stori na mwenzako.

Uzito wako na muda unaoulenga ni upi? Weka hapa nikupigie hesabu ya vijiko.