Maswali ya Wasomaji: Tokeni Kumi, Povu na Bia Yenye Ukungu

Barua nyingi za safari hii zinahusu tamasha za bia za viwanda vidogo jijini Nairobi. Ni zile za Jumamosi mchana bustanini, wapika bia watano sita wamejipanga na mabomba yao, na mgeni anazunguka na glasi moja mkononi. Tumechagua barua sita. Iliyotuchukulia nafasi kubwa ni ya povu, na ndivyo inavyostahili.

Nimealikwa tamasha la bia Westlands. Tiketi inasema nitapewa glasi na tokeni kumi. Sijawahi kwenda. Nianze na bia ipi, na nitatokaje nikiwa bado natembea sawasawa? — Mgeni, Rongai

Anza na hesabu kabla ya ladha. Zidisha mililita za glasi kwa asilimia ya kileo, kisha ugawe kwa 100. Jibu ni mililita za kileo tupu. Chupa ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Sasa chukua tokeni zako kumi. Tuseme kila moja ni glasi ya mililita 150, na bia za hapo wastani wake ni asilimia 6. Hiyo ni mililita 90, zaidi ya chupa nne za Tusker, na umezinywa kwa vijiglasi ambavyo havitishi mtu. Mwili huondoa takribani mililita 10 kwa saa. Piga hesabu utakuwa mzima saa ngapi.

Kwa hiyo ukifika mlangoni uliza kwanza: tokeni moja ni mililita ngapi? Kuna wanaomimina 100, kuna wanaomimina 250, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bia yenyewe. Mkiwa wawili, gawaneni glasi moja. Hakuna anayelazimishwa kumaliza tokeni. Usiongeze nyingine kwa mkupuo, maana mara nyingi zilizobaki hazirudishiwi pesa. Na weka noti mbili tatu mfukoni, kwani watu elfu moja wakisimama uwanja mmoja, ujumbe wa M-Pesa huja ukitaka wenyewe.

Mpangilio wa kuonja haufuati rangi. Hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Wanadhani nyeusi ni kali na ya dhahabu ni laini. Guinness ya bomba ni nyeusi tii na ina asilimia 4.2 tu, ilhali ale ya Kibelgiji ya mtindo wa tripeli hung'aa kama asali na hufika asilimia 8 au 9. Soma ubao. Tafuta namba mbili, asilimia ya kileo na IBU, ambayo ni kipimo cha uchungu. Kwa IBU, lager za kawaida huwa kati ya 10 na 20, IPA nyingi (aina ya ale yenye uchungu mwingi) 40 hadi 70. Anza na zenye namba ndogo: bia ya ngano au pilsna, halafu pale ale, halafu IPA, na stauti nzito zije mwisho. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, hung'ang'ania ulimi. Ukianza na IPA, pilsna inayofuata itakuwa kama maji ya mfereji, nawe utamlaumu mpika bia bure.

Glasi ikifika, itikise kidogo, inuse, kisha unywe mafunda mawili na uyameze. Kwenye bia hatutemi kama wanaoonja divai, kwa sababu uchungu husikika vizuri wakati wa kumeza. Kati ya bia na bia kunywa maji, tafuna kipande cha chapati kavu. Nyama choma inakaa vizuri na bia ya kahawia au stauti, maana kimea kilichokaangwa na nyama iliyobabuka ni ndugu. Ila pilipili kali usiipeleke karibu na IPA. Uchungu na kileo huongeza moto mdomoni, na utajikuta unaizima kwa IPA nyingine.

Nilipewa bia yenye ukungu, inanukia ndizi mbivu. Nikairudisha nikidhani imeharibika. Mhudumu akanitazama vibaya. Nani alikosea? — Mama Ciku, Ruaka

Dada, kwa hiyo bia mhudumu alikuwa sahihi, ingawa angeweza kukueleza badala ya kukukodolea macho. Bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani kwa kawaida haichujwi. Ukungu ni hamira na protini za ngano. Harufu ya ndizi, na wakati mwingine karafuu, hutengenezwa na hamira yenyewe inapochacha. Hakuna aliyetia ndizi.

Bia iliyoharibika ina dalili zake. Harufu ya siagi au bisi za sinema ni kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, au mipira ya bomba ni michafu. Tufaha bichi ni bia changa. Kadibodi iliyolowa ni bia ya zamani iliyoingiwa na hewa. Harufu ya kicheche ni ya bia iliyopigwa na jua. Mwanga hubadilisha viungo vya hopsi ndani ya dakika chache, hasa kwenye glasi au chupa ya kijani au nyeupe, kwa hiyo ukikaa bustanini weka glasi yako kivulini. Uchachu mkali wa siki kwenye bia isiyotakiwa kuwa chachu ni bakteria, na mara nyingi wamejificha kwenye koki. Ukikuta mojawapo, usiseme "bia mbaya". Sema "hii inanukia siagi, naomba uionje." Mpika bia anayejua kazi yake ataionja palepale.

Tazama pia glasi. Viputo vikishikamana ubavuni chini ya bia, glasi ina mafuta au sabuni. Isuuze kwa maji baridi kabla ya kila tokeni, na midomo yenye rangi au mafuta ya nyama ifutwe kwanza, kwani povu hufa kwa mafuta.

Wenzangu kazini wananicheka kwamba nimelipa kiingilio kwenda kunywa keg. Kuna tofauti? — Fundi, Umoja

Wanachekea jina. Kegi ni pipa la chuma tu. Kenya neno hilo limeganda kwa bia ya Senator, iliyoanza kuuzwa 2004 kwa bei nafuu ili kuwavuta watu kutoka kwenye chang'aa, nayo ikawa inapimwa kutoka kwenye kegi. Bia ya tamasha hutoka kwenye pipa la aina hiyohiyo. Bei ni ghali kwa sababu nyingine. Shayiri inalimwa Narok na Timau, lakini kimea maalum cha kukaangwa huagizwa. Hopsi nazo hazistawi kibiashara karibu na ikweta: mmea unataka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua ya kutosha, na Nairobi mchana huwa na urefu wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Zinatoka Ujerumani, Ucheki, Marekani. Juu ya hapo, tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia Kenya huhesabiwa kwa kileo tupu kilichomo badala ya kwa lita, kwa hiyo IPA ya asilimia 7 inalipia ukali wake.

Tunaandaa onjo dogo la watu 40 nyumbani, Karen. Tulijaribu mwaka jana na kegi moja. Saa nzima ya kwanza ilikuwa povu tupu. Tulipunguza presha, ikazidi. Tulikosea wapi? — Kamati ya Mtaa

Mlikosea pale mlipopunguza presha, lakini kosa la kwanza huenda lilikuwa siku moja kabla.

Kegi ikishuka kwenye pikapu baada ya matuta ya njiani, gesi ndani imevurugika. Bia ikiwa na joto ndiyo kabisa, kwa sababu gesi haikai kwenye bia ya moto. Ileteni jana yake, isimame wima mahali penye baridi usiku kucha, ifike nyuzi 3 au 4. Kegi ya lita 30 iliyojaa ina uzito wa kama kilo 40, hivyo tafuteni watu wawili na msiiviringishe. Kama hamna friji kubwa, tumieni pipa la plastiki na barafu, na mtie maji. Watu wengi hurundika barafu kavukavu pembeni. Hewa inabaki katikati na kegi haipoi. Maji ndiyo yanayogusa chuma pande zote.

Sasa presha. Bia inashika gesi kwa presha ya jumla, yaani ya mtungi pamoja na ya anga. Mombasa anga inasukuma kwa psi 14.7 (psi ni kipimo cha presha). Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na anga inasukuma kwa kama 11.8. Geji ya regulata, kifaa cha kurekebisha presha ya mtungi, haioni tofauti hiyo. Kwa hiyo bia ya nyuzi 4 inayotulia kwa psi 12 pwani, hapa inataka kama 15. Mwongozo mliosoma mtandaoni yaelekea uliandikwa na mtu wa usawa wa bahari. Mkiishusha hadi 8, gesi inatoka kwenye bia ndani ya mpira, inajitenga kuwa mifuko ya hewa, na kila mfuko ukifika kwenye koki unapasuka kuwa povu. Ndiyo maana ilizidi.

Dawa ni kuacha presha juu na kupunguza kasi kwa urefu wa mpira. Mpira wenye tundu la milimita 5 unataka mita 3 pwani. Hapa wekeni 3.5 na mkate kidogokidogo bia ikitoka taratibu mno. Mkishakata hamuwezi kuunga. Mpira wote ukae kwenye baridi, kwani nusu mita iliyoachwa juani inatosha kuharibu glasi mbili za kwanza kila mara.

Namna ya kumimina: suuza glasi kwa maji baridi, iinamishe nyuzi 45, fungua koki yote kwa mkupuo. Anayeifungua nusu kwa woga ndiye anayepata povu, maana bia inapita kwenye upenyo mwembamba kwa kasi. Ikifika theluthi mbili, inyooshe. Vidole viwili vya povu juu ni sawa, ndivyo harufu inavyofika puani. Ncha ya koki isiguse bia.

Kiasi: kati ya watu 40, tuseme 30 wanakunywa, kila mmoja glasi tatu za mililita 330. Hiyo ni kama lita 30. Ongezeni asilimia 10 ya povu na mashapo, mnapata 33, na kegi moja haitoshi. Chukueni moja ya 30 na moja ya 20 ya bia tofauti, isiyozidi asilimia 5. Maji ya kunywa lita moja kwa kila kichwa. Mtungi wa gesi wa kilo 2 unatosha na kubaki. Usimame wima na ufungwe kamba, kwani ukilala gesi ya majimaji huingia kwenye regulata. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, kuna mvujo. Msiuweke kwenye chumba kidogo kilichofungwa. Gesi ya kaboni haina harufu, nayo hutuama chini.

Na kama mtatoza hata kwa jina la tokeni, hayo ni mauzo. Ombeni leseni ya muda kwa kaunti mapema.

Mimi ndiye dereva wa kundi. Glasi mbili ndogo si kitu, au? — Karanja, Thika Road

Kiwango cha Alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi, ni miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi, lakini glasi, uzito wa mwili na chakula havifanani kwa watu wawili, na hakuna jedwali tutakalokupa. Dereva asionje. Mwambie mpika bia akumiminie akiba kwenye chupa yenye kizibo, kama anauza za kubeba, ukaifungue nyumbani. Ijazwe hadi shingoni, ikae wima kwenye friji, inywewe ndani ya siku mbili tatu, na ikishafunguliwa imalizwe siku hiyohiyo.

Kwetu Uchagani bia ya mikono ni mbege, na hakuna anayetuuzia tokeni. Kwa nini tuite hivi vitu vipya? — Mangi, Moshi

Kaka, upya uko kwenye kegi na bei. Mbege ina ndizi zilizoiva na kimea cha ulezi, na gome la msesewa huleta uchungu, kazi ileile ambayo hopsi hufanya Bavaria. Wakamba na Wakikuyu wana muratina, Waluhya na Wajaluo wana busaa. Ukionja bia chachu ya Kibelgiji kwenye tamasha na jirani yako akakunja uso, wewe hutashangaa: uchachu wa busaa nao ni kazi ya bakteria wa maziwa lala. Jaribu hili. Waulize wapika bia kama kuna aliyetumia ulezi au mtama kwenye kimea chake. Akiwepo, anza naye kabla ulimi haujachoka. Ulezi hauna gluteni na huleta bia nyepesi mdomoni, yenye utamu mdogo wa nafaka, na IPA moja tu kabla yake inatosha kuufuta.